Daraja la Ndege Halinunuliwi kwa Mkopo

Ukikaa na watu wanaofuata mzigo Guangzhou, Dubai au Istanbul, hutakosa kusikia ushauri huu: tafuta kadi ya daraja la juu ya shirika la ndege. Ukiwa nayo unaruka laini, unaongezewa mzigo, na ndege ikichelewa unangojea ukumbini ukinywa chai badala ya kukaa sakafuni na mabegi. Halafu unaambiwa kuna njia ya mkato. Mwaka ukikaribia kuisha, nunua tiketi mbili tatu za bei ya chini, ruka hata kama huna shughuli huko uendako, na kadi itakuja.

Sisi tunaona hivi. Daraja la ndege ni kitu kizuri, na njia ya kulipata haraka bila kutumia pesa nyingi ipo kweli. Lakini njia hiyo ni kupanga vizuri safari ambazo tayari unazilipia. Siku unaponunua safari usiyoihitaji, na hasa ukiinunua kwa mkopo wa simu, mchezo umegeuka na wewe ndiye unayechezwa.

Tuseme pia jambo moja mapema. Sisi ni kampuni ya malipo. Unapolipa tiketi kwa simu, biashara yetu inasonga. Ingekuwa rahisi kukuambia ulipe tu. Lakini mteja aliyemaliza mtaji wake kwa kadi ya plastiki hatumi pesa tena, halipi bili, na hawekezi. Kwa hivyo ni heri tupige hesabu pamoja.

Mbona tunaongea mambo ya ndege Jericho?

Kwa sababu ndege ziko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Tembea Jericho Market uangalie mafundi wa nguo: vitambaa, nyuzi, zipu, vifungo, hata mashine zenyewe. Vingi vimetoka ng'ambo, na kuna mtu aliyeenda kuvichagua. Ukishuka Jogoo Road hadi Gikomba na Kamukunji, au ukivuka hadi Eastleigh, ni hivyo hivyo na viatu, sufuria, pazia, simu na nywele. Kontena huja kwa meli, lakini mwenye mzigo huenda kwa ndege. Anakagua, analipa, na anarudi na mabegi ya zile bidhaa ambazo haziwezi kungoja meli.

Kuna wengine pia. Vijana wanaoenda kazi Ghuba. Wazazi wanaoitwa na watoto wao Uingereza au Marekani kuona wajukuu. Wachezaji na wanamuziki. Si watu wa mashati meupe na mikoba ya ngozi peke yao wanaopanda ndege JKIA.

Na tiketi nyingi siku hizi zinalipwa kwa simu. Kenya Airways na Jambojet wanapokea malipo ya simu. Tangu Agosti 2023, mtumiaji wa M-Pesa anaweza kulipa hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na kuweka hadi shilingi 500,000 kwenye akaunti. Kabla ya hapo, kiwango cha muamala kilikuwa 150,000. Maana yake ni kwamba tiketi ya kwenda mbali inaweza kulipwa kwa mpigo mmoja, ukiwa umekaa kwa duka lako. Urahisi huo ni mzuri. Lakini pia umefanya iwe rahisi kununua kitu kabla hujakifikiria.

Maili ni kitu kimoja, daraja ni kingine

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole.

Pointi tunazijua. Bonga Points za Safaricom zimekuwepo tangu 2007: unatumia, unapata pointi, unazibadilisha kwa kitu. Maili za ndege zinafanya kazi hivyo hivyo. Unasafiri, unapata maili, na baadaye unaweza kulipia tiketi au sehemu ya tiketi. Zikitumika, zimeisha.

Daraja si kitu cha kutumia. Ni cheo. Shirika linakuhesabia, kwa pointi za aina nyingine kabisa, umesafiri kiasi gani ndani ya muda fulani. Ukifikisha kiwango unapandishwa, na unapata huduma ambazo wengine wanalipia au hawapati kabisa. Muda ukiisha bila kufikisha tena, unashuka.

Mtindo huu ulianzia Marekani. American Airlines ilianzisha programu yake ya AAdvantage mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata. Leo msafiri wa Nairobi ana chaguo nyingi. Kenya Airways, KLM na Air France wako kwenye muungano wa SkyTeam. Ethiopian na Turkish wako Star Alliance. Qatar Airways na British Airways wako oneworld. Emirates inajitegemea na programu yake ya Skywards. Ukiwa na daraja kwenye muungano, linatambuliwa na wenzake wote. Ndiyo sababu mtu anaweza kuruka na Kenya Airways na kupeleka pointi zake kwa programu ya mshirika, kwa mfano Flying Blue ya Air France na KLM, badala ya Asante Rewards ya Kenya Airways yenyewe. Huwezi kupeleka safari moja kwa zote mbili. Unachagua.

Tutachukua Flying Blue kama mfano, kwa sababu hesabu yake iko wazi na mtu yeyote anaweza kuipiga kwa kalamu. Pointi za daraja zinaitwa XP. Kwenye viti vya kawaida, kila ndege unayopanda inakupa XP kulingana na umbali:

- safari ya ndani ya nchi: XP 2
- safari ya nje isiyozidi maili 2,000: XP 5
- maili 2,000 hadi 3,500: XP 8
- maili 3,500 hadi 5,000: XP 10
- zaidi ya maili 5,000: XP 12

Viti vya biashara vinatoa mara 3 ya hiyo. Kufikia Silver unahitaji XP 100 ndani ya miezi 12. Ukifika, zile 100 zinaondolewa na hesabu inaanza upya, ila zilizozidi unabaki nazo. Kutoka Silver kwenda Gold ni XP 180, na kutoka Gold kwenda Platinum ni XP 300.

Umeona? Bei ya tiketi haimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana kuna ujanja wa kupanga. Watu wawili wanaweza kufika mji mmoja, yule aliyelipa kidogo akapata XP nyingi kuliko mwenzake.

Hesabu ya watu wawili

Chukulia mfanyabiashara wa kwanza. Anaenda Guangzhou mara 4 kwa mwaka na Kenya Airways, viti vya kawaida, tiketi za aina inayokubalika na programu. Nairobi hadi Guangzhou moja kwa moja ni zaidi ya maili 5,000. Kwa hivyo ni XP 12 kwenda na XP 12 kurudi, jumla 24 kwa kila safari. Mara 4 ni XP 96.

Amebakisha 4 tu.

Sasa, Desemba ana harusi Mombasa. Kwa kawaida angepanda treni ya SGR, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Akienda na Kenya Airways anapata XP 2 kwenda na XP 2 kurudi. Jumla XP 100. Silver.

Tuseme tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi Mombasa amepata kwa shilingi 10,000. Ameongeza shilingi 7,000 juu ya alizokuwa atumie. Na tuseme begi moja la ziada kutoka Guangzhou huwa linamgharimu shilingi 15,000. Kama daraja lake jipya linampa ruhusa ya begi hilo bila malipo, kwa safari 4 za mwaka unaofuata ameokoa shilingi 60,000. Ametoa 7,000, amerudisha 60,000. Hiyo ni biashara. Na harusi ameenda.

Mfanyabiashara wa pili anaenda Guangzhou mara 3. XP zake ni 72. Amebakisha 28. Amesikia hadithi ya mwenzake, naye anataka Silver. Kwa safari za Mombasa za XP 4 kila moja, anahitaji kwenda na kurudi mara 7. Kwa bei ile ile ya shilingi 10,000, ni shilingi 70,000. Hana harusi, hana mzigo Mombasa, hana chochote. Ni kupanda na kushuka.

Pesa hizo hana mkononi, kwa hivyo anakopa kwa simu. Tuseme mkopo unatoza shilingi 7.50 kwa kila 100 kwa mwezi, na anaulipa baada ya miezi 3. Shilingi 5,250 kila mwezi, mara 3, ni 15,750. Jumla ametumia shilingi 85,750. Mwaka unaofuata anaenda Guangzhou mara 3 kama kawaida, begi la ziada bure kila mara, na anaokoa shilingi 45,000.

Amepoteza zaidi ya shilingi 40,000 ili apite laini fupi. Na hapo hatujahesabu siku 7 za duka kufungwa, wala faida ambayo zile 70,000 zingeleta kama zingekuwa stoki.

Bei hizo za mfano utabadilisha uweke zako. Lakini angalia kilichotofautisha watu hawa wawili. Si akili, na si kwamba mmoja anajua siri. Wa kwanza alikuwa karibu kufika kwa safari za kazi yake, akasukuma hatua moja ndogo. Wa pili alikuwa mbali, akajaribu kununua umbali.

Jinsi ya kupanga tiketi vizuri

Kama safari zako ni za kweli na ni nyingi, haya ndiyo tunayopendekeza.

*Jiunge kabla ya kununua.* Kujiunga ni bure kwenye programu zote tulizotaja. Jina la uanachama lifanane na la paspoti, herufi kwa herufi. Namba yako iwe kwenye tiketi wakati wa kununua. Wengi wetu tunanunua kupitia ajenti wa mtaani au mjini, na ajenti hawezi kuweka namba ambayo hujampa. Muulize, kisha angalia mwenyewe kwenye tiketi uliyotumiwa. Kuna watu wameruka miaka mingi bila hata XP moja kwa sababu hiyo tu.

*Chagua kapu moja.* Ukienda Dubai na shirika moja, Istanbul na lingine na Guangzhou na la tatu, utakuwa na pointi kidogo kila mahali na daraja popote hutapata. Angalia unaenda wapi zaidi. Mtu wa Dubai kila mwezi anaweza kufaidika na Skywards, ambako Silver hupatikana kwa maili za daraja 25,000 au kwa ndege 25. Mtu wa Istanbul aangalie Miles&Smiles ya Turkish, ambako daraja la Elite linahitaji maili za daraja 40,000 ndani ya miezi 12. Usichague shirika kwa sababu ya rangi ya kadi. Chagua kwa njia unayopita.

*Angalia kuunganisha ndege.* Kwenye hesabu kama ya Flying Blue, kila ndege inahesabiwa peke yake. Nairobi hadi London moja kwa moja na Kenya Airways ni XP 10. Nairobi hadi Amsterdam na KLM ni XP 10, halafu Amsterdam hadi London ni XP 5 zaidi. Kwenda na kurudi, njia ya kwanza inakupa 20 na ya pili 30. Mara nyingi njia ya kuunganisha huwa pia ya bei ya chini, lakini si kila mara. Kabla ya kulipa, hakikisha kama paspoti yako inahitaji viza ya kupitia nchi hiyo, na uwe na muda wa kutosha kati ya ndege mbili. XP 10 hazina maana ukilala uwanjani.

*Soma aina ya tiketi.* Tiketi za ofa kali sana wakati mwingine hazina begi, na nyingine hazitoi pointi kwa programu ya mshirika. Pia usidhani kila ndege ya familia moja inahesabika. Jambojet ni kampuni tanzu ya Kenya Airways na tiketi zake zinaweza kuwa nafuu, lakini yenyewe si mwanachama wa SkyTeam. Yule wa harusi ya Mombasa angepanda ndege isiyohesabika, angebaki na 96 zake.

*Jua tarehe yako.* Mwaka wa Flying Blue si lazima uanze Januari. Kila mwanachama ana miezi 12 yake, na inaonekana kwenye akaunti. Safari moja ikisogezwa wiki mbili mbele au nyuma inaweza kuingia kwenye mwaka mwingine. Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, kwa sababu kubadilisha tarehe kabla hujanunua ni bure.

*Tunza karatasi.* Weka kadi ya kupandia ndege au picha yake hadi uone pointi zimeingia. Zisipoingia unaweza kudai, lakini ndani ya muda maalum, na bila ushahidi utabaki kulalamika tu.

Na juu ya yote, andika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, safari, bei, pointi, na kilichobaki. Taarifa ya miamala ya simu yako itakusaidia upande wa bei, kwa sababu kila tiketi uliyolipa kwa simu imo humo.

Nani aachane nayo kabisa

Kama unasafiri mara moja kwa mwaka au kila baada ya miaka miwili, daraja si lako, na hakuna ubaya. Kijana anayeenda Ghuba kwa mkataba wa miaka 2 atakuwa na safari moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mzazi anayeenda kuona wajukuu hivyo hivyo. Jiunge ili upate maili, maana hazigharimu kitu, kisha nunua tiketi ya bei nzuri kuliko zote bila kujali ni ya nani.

Hata kwa yule anayesafiri mara 4 Guangzhou, tungesema asimame Silver. Gold inahitaji XP 180, na kwa 24 kila safari ni safari 8 ndani ya mwaka. Kama biashara yake inahitaji safari 8, sawa, itakuja yenyewe. Kama haihitaji, hakuna ukumbi wa chai ulio na thamani ya safari 4 za bure bure kwenda Uchina.

Tunajua kuna wanaopinga. Watasema daraja ni heshima, na kwamba mfanyabiashara anayeonekana anasafiri vizuri anaaminiwa na wauzaji. Watasema pia kuchoka kuna gharama, na mtu aliyepumzika anajadiliana bei vizuri. Hilo la pili tunalikubali. Ukitoka kwenye ndege ya usiku umechoka, unaweza kukubali bei mbaya. Lakini kama unachotafuta ni mapumziko, linganisha na bei ya kuyanunua moja kwa moja: kulala hoteli usiku mmoja zaidi, au kulipia kuingia ukumbini siku hiyo moja. Mara nyingi ni nafuu kuliko kufukuza kadi mwaka mzima. Heshima ya muuzaji nayo inakuja ukilipa kwa wakati.

Waliofaulu walipiga hesabu kwanza

Kuna hadithi ya kweli ambayo wapenzi wa maili huipenda sana. Mwaka 1999, mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua ofa iliyotoa maili kwa kila lebo 10 za bidhaa za kampuni moja ya chakula. Akatafuta bidhaa ya bei ya chini kabisa iliyokubalika. Ilikuwa pudini ya senti 25. Alinunua vikombe 12,150 kwa dola 3,140 hivi, akapeana pudini kwa shirika la msaada ambalo lilimsaidia kubandua lebo, na akapata maili zaidi ya milioni 1.2. Zilimfikisha pia kwenye daraja la Gold la AAdvantage la maisha.

Watu wakisimulia hiyo wanakumbuka pudini. Sisi tunakumbuka kwamba alisoma masharti, akajua thamani ya zawadi, na akalinganisha na gharama kabla ya kutoa pesa. Hakununua kwanza ndipo aanze kutumaini.

Na mianya kama hiyo inazibwa. Delta ya Marekani tangu 2024 inahesabu daraja kwa pesa ulizotumia tu, si umbali. British Airways, ambayo wengi wanaipanda Nairobi kwenda London, ilibadilisha tarehe 1 Aprili 2025. Zamani Silver ilikuwa pointi 600 zilizohesabiwa kwa njia na aina ya kiti, na wajanja walikuwa wanapanga safari za kuzungukazunguka kuzipata. Sasa ni pointi 7,500, na pointi zinafuata pauni unazotumia. Mtu aliyekuwa amejipanga kwa miaka 3 mbele aliamka siku moja sheria zimehama.

Sisi wa Nairobi tunapaswa kuelewa hilo haraka kuliko wengine. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na baadaye ikafunga milango kabisa. Kadi zake za pointi zilikuwa kwa pochi za watu wengi mtaani. Pointi ni ahadi ya kampuni. Si akiba. Pesa iliyo kwenye akaunti yako ni yako. XP ziko kwenye daftari la mtu mwingine, na kalamu anayo yeye.

Kulipa bila kuumia

Mwisho, upande ambao sisi tunaujua zaidi.

Tiketi ya safari ya kazi ni gharama ya biashara kama kodi ya duka. Iwekee akiba yake kila wiki, mbali na pesa za matumizi. Ukijua unaenda mwezi wa 9, gawanya bei kwa wiki zilizobaki na uanze sasa. Mwenye pesa tayari ananunua ofa nzuri ikitokea. Asiyekuwa nazo ananunua dakika ya mwisho, na kwa mkopo.

Lipa kwa namba ya Paybill ya shirika au ya ajenti aliyesajiliwa. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi wakati uliambiwa ni kampuni, acha hapo hapo. Ukishalipa, usikubali risiti tu: omba namba ya tiketi na uiangalie kwenye tovuti ya shirika lenyewe.

Na yeyote anayekupigia simu akisema umechaguliwa kupewa kadi ya Gold, tuma ada kidogo ya usajili, ni mwizi. Hakuna shirika linalouza daraja kwa kutumiwa pesa kwa namba ya simu. Usimpe PIN, usimpe namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, na usimpe namba ya paspoti.

Kabla ya kununua tiketi yoyote kwa ajili ya daraja, jiulize maswali 3. Ningeenda safari hii hata kama kadi haipo? Pesa ninazo, bila kukopa na bila kugusa stoki au pesa za chama? Nitakachookoa mwaka ujao ni kikubwa kuliko ninachoongeza leo? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, lipa na usafiri salama. Hapana moja ikiingia, rudisha simu mfukoni na hizo pesa zinunue kitambaa.